Dawa ya Jumatatu

Mwanangu, mama Chiriku,

Kabla ya salamu, neno moja: mwanao mzima. Nimemwacha kwa jirani anaruka kamba na kubishana na kila anayehesabu. Nimelitanguliza hilo ili usije ukafika katikati ya barua hii umesimama, ukaanguka bure. Sasa vuta kiti ukae, tusalimiane kama watu waliolelewa.

U hali gani huko uliko? Kifua kimetulia? Barua yako ya mwisho ilisema mvuke wa pale chumba cha kufulia cha hospitali unakukaba, na kwamba mashuka yenye dawa kali mnayashika kwa glavu mpaka viwikoni. Zivae hizo glavu. Usivue hata mkono ukiwasha. Wenzako wote wazima? Yule mcheshi wa kupiga pasi bado anakuchekesha? Mimi mama yako nipo. Goti moja linanitii, la pili lina serikali yake. Mvua zilikuja, paa la jikoni likavuja palepale ulipopaziba wewe, nami sikukulaumu, nilisogeza ndoo.

Utaona mwandiko umebadilika. Huu si wa binti wa duka la vitabu aliyekuwa akiniandikia siku zote. Mwandiko huu ni wa mtunza bustani wa shule, yule ambaye watoto wanamwita Bwana Pampu kwa sababu ya lile pampu lake la kupigia dawa mgongoni. Utakapofika mbele utajiuliza mimi na yeye tunakaaje meza moja. Nimemwendea mwenyewe kwake asubuhi ya leo, Jumamosi, nikamwambia nina barua ya mwanangu na sharti ni moja: aandike kila neno nitakalotamka, hata nikimtukana, hata nikijitukana. Amekubali. Mkewe hakukubali. Yuko hapo mlangoni anachambua maharage, na kila punje anaitupa kwenye sufuria kama ananipiga nayo. Ana haki yake. Utaiona.

Nianze na chawa. Shule ilipofunguliwa, chawa waliingia darasa la pili kama wageni wa arusi. Mwalimu wa darasa akasema msichana atakayeonekana na chawa anyolewe au abaki nyumbani hadi apone. Chiriku alilia kilio ambacho sijakisikia tangu siku ulipoondoka. Alisema mama ameniambia atazikuta nywele zangu zimefika mabegani, na kama bibi ataninyoa basi nitakwenda shule na ndoo kichwani. Ndivyo alivyosema, mwanangu. Miaka minane, mdomo wa miaka themanini.

Nikamwambia hanyolewi mtu. Nikaanza kila Jumapili mchana kumkalisha kibarazani, kitana chembamba mkononi, naua mmoja mmoja. Mwenzake akaja, naye ana chawa. Akaja na wa pili. Mwisho wakawa wanne, pamoja na Chiriku watano, wamejipanga kwenye ngazi kama vikombe, nawasuka huku wananisengenyea walimu. Mama zao wanashinda kazini wiki nzima, Jumapili wanafua. Wakafurahi kumpata kikongwe wa kuwabebea kazi hiyo. Na baada ya wiki chache chawa walikwisha. Wakaisha kabisa, hata mayai. Mama wa mtoto wa tatu alinipigia magoti barabarani akisema mikono yangu ina baraka. Nami nikaipokea hiyo baraka, nikatembea nayo kifua mbele.

Ndipo zikaja Jumatatu.

Jumatatu ya kwanza Chiriku alirudi amenyong'onyea, tumbo linamkata, mate yanamjaa mdomoni anatema kila hatua. Nikasema amekula kitu. Jumanne akawa mzima. Jumatatu iliyofuata ikawa vilevile, tena na machozi yanamtoka bila kilio, na jasho, na kichwa kinauma. Alhamisi anaruka kama mbuzi. Jumatatu ya tatu, mwalimu aliwatoa darasani wanne kwa mpigo, wanatapika kwenye maua. Niliposikia ni wale wale wa ngazi yangu, moyo uliniruka, lakini nikaupa jibu la haraka: wanakaa dawati moja, wanacheza pamoja, wanakula pamoja. Moyo ukikuuliza swali, mwanangu, usiukimbilie na jibu. Mimi niliukimbilia.

Unajua kazi yangu pale. Nafika kabla ya kengele, nafagia madarasa saba, ofisi na vijia. Ufagio wangu, ndoo zangu, chaki za walimu, mipira ya michezo, na dawa za Bwana Pampu, vyote vinakaa stoo moja, na ufunguo unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, mwenye haja aende. Na kila Jumatatu asubuhi Bwana Pampu anapiga dawa: kwenye nyasi, kwenye ua wa maua chini ya madirisha, na kwenye bustani ya mboga. Mwalimu Mkuu ndiye aliyepanga iwe Jumatatu, anapenda wiki ianze bila mdudu. Watoto wako mstarini, pampu linapumua fss, fss, na ule ukungu mweupe unapanda taratibu unaingia dirishani kwa darasa la pili bila kubisha hodi. Kuna siku nilifuta ubao nikaona maji ya kitambaa yana harufu. Nyuki waliokufa niliwafagia mimi. Mijusi niliwafagia mimi.

Basi ungekuwa wewe ungemshuku nani?

Nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu nikamwambia dawa ya Jumatatu inawaua watoto. Akaniambia niache maneno makubwa, dawa ile ni ya kawaida, inatumika kila mahali. Nikamwambia na jeneza linatumika kila mahali. Hakucheka. Jumatatu iliyofuata nikasimama mbele ya ua wa maua na ufagio wangu. Bwana Pampu akaja na pampu lake, akaniomba nipishe. Nikamwambia anipige dawa mimi kwanza, nikifa atajua inafanya kazi. Watoto mstarini walishangilia mpaka mwalimu wa zamu akapuliza filimbi. Akanizunguka, akapigia upande wa pili. Na mchana ule Chiriku alitapika mara nne, na mboni za macho yake zilikuwa ndogo kama tundu la sindano. Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na goti langu lile lenye serikali yake siku hiyo halikusema kitu.

Sikukuandikia, mwanangu. Nilijiambia nitakuandikia nikiwa nimeshashinda.

Nikazunguka kwa mama wote watano nikihesabu na mimi mwenyewe, nikawakusanya, nao wakawakusanya wenzao, kikaitishwa kikao cha wazazi. Darasa la saba lilijaa, wengine walikaa madirishani. Nilisema mimi. Unanijua nikishika neno. Nilieleza nyuki, mijusi, ukungu, matapishi. Wazazi wa watoto wa kiume nao wakasema wanao wanakohoa kila Jumatatu. Mwalimu Mkuu alipoona upepo umegeuka, akageuka nao. Akasema yeye aliagiza usafi tu, jinsi ya kupiga dawa alimwachia mwenye kazi. Wote tukamgeukia mwenye kazi.

Alisimama, kofia mkononi. Hakujitetea kwa mengi. Alisema kila akimaliza kazi huchora alama kwa msumari kwenye chupa ya dawa, pale ilipofikia, na kwamba kwa wiki kadhaa sasa anakuta dawa imeshuka chini ya alama. Akasema: "Kuna mtu anaichukua. Mimi naomba tumtafute huyo kabla ya yote, maana sijui anaipeleka wapi."

Watu wakaanza kugeukiana. Nami sikuwapa nafasi. Nikasema kwa sauti: "Mwizi akishikwa na kuku husema yuko mwenzake amekimbia na jogoo."

Waliangua kicheko, mwanangu. Walicheka mpaka mmoja akapiga dawati. Yeye akabaki amesimama na kofia yake, akakaa. Hapo hapo ikaamuliwa aache kazi, na kwamba dawa isipigwe tena shuleni mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Nilitoka mle nimebebwa juujuu. (Hapa kalamu imesimama. Nimemwambia endelea, huu ndio mwendo wenyewe.)

Jumapili iliyofuata sikusuka mtu. Dada yangu alikuwa mgonjwa, nikamwacha Chiriku kwa jirani, nikalala kwake tangu Jumamosi. Jumatatu nikarudi, nikamkuta Chiriku mzima kama kengele, na wenzake wote wazima, hakuna aliyetema hata mate. Wazazi walinisalimia langoni kwa mikono miwili. Mmoja akasema kama wangekuwapo wanawake wawili kama mimi, nchi ingenyooka. Nikafagia madarasa saba bila kuinua kichwa kwa aibu ya furaha. Hata mikono yangu, ambayo ilikuwa imeanza kutetemeka na nikadhani uzee umeshabisha hodi, siku hiyo ilitulia.

Jumapili ya pili nikawasuka. Wote watano.

Jumatatu asubuhi Chiriku alianguka mlangoni kwa darasa la pili, mimi nikiwa na ufagio mkononi hatua kumi kutoka alipo. Povu mdomoni. Mwili unaruka vipande vipande, shavu peke yake, bega peke yake. Hakuweza kusema, yeye ambaye hunyamaza akilala tu. Na unajua nilifanya nini kwanza? Nilikimbilia stoo. Nilitaka kumkamata Bwana Pampu amerudi kwa siri. Nikafungua mlango, nikaliona pampu lake kwenye msumari, kavu, na buibui amejenga kwenye ncha yake, nyumba nzima, na vyumba vyake. Dawa haikuwa imepigwa shuleni kwa wiki mbili. Nikaiangalia ile chupa kwenye rafu. Nikaangalia zile alama za msumari. Nikarudi mbio kwa mtoto.

Zahanati tulifikishwa kwa pikipiki ya mwalimu wa michezo, mimi nyuma, mtoto katikati. Daktari akamfungua macho, akamnusa mdomo, akamnusa nywele. Akaniuliza nyumbani kuna dawa gani ya wadudu. Nikasema hakuna. Akaniuliza mara ya pili, polepole. Nikasema wapige simu shuleni, shuleni ndiko kuna sumu. Akaniangalia, akasema: "Bibi, mimi natibu ninachokijua. Usichoniambia sitakitibu."

Nikamwambia.

Nakwambia na wewe sasa, na huyu anayeandika anasikia kwa mara ya kwanza, maana nilishindwa kumwambia kwa mdomo mtupu nikasema nitampitishia katika barua. Aliyekuwa anachukua dawa ni mimi. Nilipofagia bustani ya mboga nilikuwa nimeona jinsi wadudu wa kabichi wanavyolala chali dakika chache baada ya pampu kupita. Nikasema moyoni, chawa ni mdudu, na huyu wa kabichi ni mdudu. Nilimwomba yeye tone moja, nikamdanganya ni la kunguni wa kitandani. Akaninyima, akasema dawa ile haiingii nyumba ya mtu, hata nguo zake za kazi anazifua mbali na za wanawe. Nilimwona mchoyo. Kesho yake nikaingia stoo kuchukua ufagio, nikajimiminia mwenyewe kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi. Kijiko kimoja kwenye bakuli la mafuta ya nywele. Nikawapaka wote watano, mstari kwa mstari, kwa vidole vyangu, nikasuka juu yake ili isitoke. Kila Jumapili, hata chawa walipokwisha, wasije wakarudi, na kichupa kikiisha nikarudi stoo. Wakalala nayo, wakaamka nayo, wakaenda nayo mstarini Jumatatu, na mimi nikatafuta ugonjwa kwenye dirisha.

Usiseme sikujua kusoma. Daktari alisema hivyo kunifariji, nikamkatalia. Chupa ile ina fuvu la mtu na mifupa miwili, na fuvu halihitaji shule. Nililiona. Nilisema sumu ni ya mdudu, mjukuu wangu si mdudu. Na nilipomsikia huyu pale kikaoni akisema dawa imepungua, nilijua imepungua kwa nani. Sikujua kwamba ndiyo iliyowaumiza, naapa kwa tumbo lililokubeba wewe, hilo sikulijua. Nilidhani kosa langu ni kijiko kimoja cha wizi, na la kwake ni watoto. Kwa hiyo nikatania ili watu wasimsikilize. Ule utani ulikuwa mzuri. Mpaka leo wanaurudia langoni.

Kalamu imesimama tena. Ameiweka mezani, ameinuka, ametoka nje. Nimekaa peke yangu na karatasi ambayo siwezi kuisoma. Mkewe ameacha maharage. Nimesikia maji yanamwagwa uani, ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nadhani alikuwa anamwagilia. Nilitaka kuinuka niende, nikajiambia nikiondoka sasa nitakuwa nimeiba mara ya pili. Amerudi. Amekaa. Haya yote ya nje nimeyasema baada ya kurudi kwake, naye ameyaandika. Ameniuliza nilimpaka mtoto kiasi gani, na kwa wiki ngapi, kama anavyouliza daktari. Nimemjibu. Amesema endelea.

Basi daktari alimchoma Chiriku sindano, akamchoma na nyingine, akasubiri na saa mkononi. Nywele zote zilikatwa. Kichwa kikaoshwa kwa sabuni na maji mengi, mara tatu, na muuguzi aliyevaa glavu kama zako. Jua lilipofika katikati alifungua macho akauliza nani amemnyoa, na alipoambiwa akasema mama atanidai. Nikatoka nje nikalilia ukutani. Daktari akanifuata, akanishika vidole, akanitazama macho yangu mwenyewe, akasema bibi na wewe umejipaka. Ule mtetemo si uzee. Akaniosha mimi vilevile. Bakuli, kitana na kichupa amevichukua yeye, amenikataza kuvitupa shimoni au kuvichoma.

Mchana ule ule nikazunguka nyumba nne. Niliwaambia mama zao daktari ameagiza vichwa vyote vifumuliwe na kuoshwa sasa hivi, nikaosha mwenyewe, nimefunga mifuko ya plastiki mikononi, nikawapeleka wote zahanati wakapimwa. Walikuwa wameanza kutema mate lakini hawajafika mbali. Sasa wazima. Sikusema kwa nini. Mama wa mtoto wa tatu alinishukuru tena. Shukrani ile imeniunguza kuliko tusi lolote nililowahi kutukanwa, na unajua nimetukanwa na mabingwa.

Na ningeweza kunyamaza palepale. Ukweli nakwambia, nilinyamaza siku nne, mpaka jana. Daktari alisema ataandikia shule, nikamwomba anipe mpaka Jumatatu niseme mwenyewe. Lakini mdomo haukufunguka, na wakati mimi nimeufunga, watu waliendelea na hadithi yao. Wanasema Bwana Pampu anarudi shuleni kwa kisasi kumwaga sumu mlangoni kwa darasa la pili. Mwenye duka la nyama ameapa kwamba amemwona. Alhamisi watu walirusha mawe kwenye bati la nyumba hii ninayokaa sasa, na wanawe wawili hawakwenda shule jana. Jumatatu wazazi wanakutana tena, na safari hii wanasema wakitoka kikaoni wanakuja hapa. Nikasikia hilo nikiwa nafagia. Nikasema, mwanamke, ulimtupia mtu huyu mwiba, sasa umekuwa mkuki, na bado uko mkononi mwako.

Jumatatu nitasimama mbele ya watu wale wale, darasa lile lile, nami nitasema niliyoyasema hapa, kwa mpangilio huu huu, bila utani. Nitasema pia stoo ya dawa iwe na kufuli lake na ufagio utoke mle, maana kama mimi niliingia, kesho ataingia mtoto anatafuta mpira. Na dawa, kama ni lazima, ipigwe siku ambayo hakuna mtoto, madirisha yamefungwa, na watu waambiwe kabla.

Hapo kwenye madirisha ameniomba ruhusa aongeze la kwake. Ameandika nini sijui. Amenisomea, nami naamini hajaongeza chumvi. Anasema na yeye ana hatia, kwamba alikuwa anaona ukungu unaingia darasani na watoto wamo, akajua si sawa, na hakubishana na Mwalimu Mkuu kwa sababu alitaka kumaliza kabla jua halijawa kali. Anasema wale watoto wa kiume waliokohoa ni hatia yake, si yangu. Nimemwambia barua hii ni yangu, asinijazie dhambi zake humu, atafute barua yake. Mkewe amecheka. Amejizuia, lakini amecheka, nimemsikia.

Nimemuuliza kama amenisamehe. Amesema hapana, bado. Amesema Jumatatu atakuja kikaoni, atakaa nyuma yangu, na nikisahau neno lolote atanikumbusha, kwa kuwa sasa analijua lote kwa mwandiko wake. Nimeona hilo linanitosha kuliko msamaha wa haraka.

Sasa wewe. Uliniachia mtoto ukiniambia mama, nakuachia roho yangu. Nami nimeipaka sumu kwa vidole vyangu huku naiimbia. Ukiamua kuja kumchukua, njoo mchana, nimwone anavyoondoka, na usinieleze sababu, ninayo. Ukiamua abaki, usiniandikie kwamba si kosa langu, nitaichana hiyo barua. Niandikie kila kitu nisichoruhusiwa kumpaka, kumnywesha wala kumfukiza bila kumuuliza daktari. Iwe ndefu kama njia ya kwenda kwako, nitaifuata. Ukiwa na hasira ziandike zote, lakini ziandike kwa mwandiko mzuri, kwa maana nimekubaliana na huyu bwana kwamba majibu yako atanisomea yeye, na sitaki akwame katikati ya tusi nikabaki sijui limeishia wapi.

Chiriku anakusalimu. Anasema kichwa chake sasa kinasikia upepo, na kwamba nikuulize kama na huko kuna upepo. Dada yangu anakusalimu, amepata nafuu. Wasalimie wenzako wa kufua, na umwambie yule mcheshi akuchekeshe siku utakayoisoma hii. Mkewe bwana huyu naye ameniwekea chai mezani. Haina sukari. Nimeinywa.

Nakukumbatia kwa mikono iliyooshwa.

Mimi mama yako mzazi,
mfagizi wa shule mpaka Jumatatu. Baada ya hapo wataamua wao.